Trekta linagoma kuwaka asubuhi za baridi Lushoto: ni dizeli inaganda au kuna jambo jingine?

#1 Mkulima wa Shume
Wakuu, habari za kazi. Niko Shume, huku juu Lushoto. Nina Massey Ferguson 265 niliyoinunua kwa mtu, kazi yake ni kuvuta tela la viazi na kabichi kutoka mashambani hadi barabarani. Tangu Juni iingie linanitesa. Saa 12 asubuhi napiga stata mpaka betri inalegea, halishiki. Likikaa hadi saa 4 jua litoke, linawaka kama vile halikuwa na neno. Jana usiku nilikitoa nje kipima joto cha banda la vifaranga, alfajiri kikasoma nyuzi 8.

Fundi wangu anasema dizeli inaganda, nichanganye mafuta ya taa lita 5 kwenye kila dumu la 20. Mimi vijana wa kupakia nawalipa kwa siku, wanakaa wanaota moto huku lori la Dar linapiga honi. Naomba msaada: kuna dizeli ya baridi inayouzwa Tanga? Na hayo mafuta ya taa niweke nisiweke?

#2 Fundi Nozo
Usiweke. Injini yako ni Perkins ya silinda 4, na pampu yake ya nozo, ile inayosukuma dizeli kwenye silinda, ni ya duara. Haina oili yake yenyewe, inalainishwa na dizeli inayopita ndani. Mafuta ya taa hayana utelezi huo. Nimeshafungua hapa Korogwe pampu za watu waliochanganya msimu mzima: ukitoa rota unaona michirizi kwa macho, kama imekwaruzwa na kucha. Kuitengeneza kutakula viazi vyako vyote.

Nyuzi 8 si baridi ya kugandisha dizeli. Tafuta hewa. Usiku dizeli inarudi tangini taratibu, upepo unaingia kwenye mpira uliopasuka au washa ya shaba (kile kipete cha kuzibia maungio) iliyochoka. Asubuhi unapiga stata, pampu inameza upepo tu.

#3 Bint Ngamiani
Fundi, kama ni hewa, jua la saa 4 linaitoaje?

Mimi si mtu wa matrekta ila nauza mafuta ya nazi barabara ya 8. Kila Julai wateja wananirudishia chupa wakidhani nimewauzia uchafu, kumbe yameganda tu. Jioni yalikuwa maji, asubuhi ni meupe kama samli, na hapa ni Tanga mjini wala si Lushoto. Ukiyaweka juani dakika 10 yanarudi. Sasa dizeli nayo si mafuta?

#4 Mbondei wa Winnipeg
Salaam kutoka Manitoba. Mimi ni mtoto wa Muheza, mwaka wa sita sasa niko kwenye shamba la ngano na kanola huku Kanada, kwa hiyo hili la dizeli na baridi nimelila na kulilala.

Dada wa Ngamiani amelipata vizuri. Ndani ya dizeli kuna nta, ile ile jamaa ya nta ya mishumaa. Ikiwa joto, nta imeyeyuka humo huioni. Ikipoa hatua ya kwanza ni ukungu: dizeli inakuwa kama maji ya mchele. Hapo bado inamwagika vizuri, lakini vipunje vya nta vinaanza kuziba filta. Hatua ya pili filta imeziba na injini inazima au haiwaki kabisa. Hatua ya tatu ndiyo yenyewe inakuwa uji tangini. Watu wengi hufikiri shida ni hiyo ya tatu, wakati trekta linakufa kwenye ya pili. Januari iliyopita nilifungua filta nje, nyuzi 31 chini ya sifuri, nikakuta imejaa kitu rangi ya asali, ukikibonyeza kinashika alama ya kidole.

Huku kuna dizeli namba 1 na namba 2. Namba 2 ndiyo ya kawaida, ina nguvu zaidi kwa lita. Namba 1 ni nyepesi, inakaribiana sana na mafuta ya taa, inastahimili baridi, ila nguvu yake ni ndogo na utelezi ni mdogo. Wauzaji huchanganya kadiri msimu unavyokwenda, kwa hiyo ukijaza sheli Desemba unapata ya Desemba. Mtego uko kwenye tangi la shambani. Mkulima anajaza Agosti, kazi inaisha, lita 2,000 zinabaki. Novemba baridi inaingia ghafla na yeye bado ana dizeli ya kiangazi.

Kuna pia dawa ya kuzuia nta isishikamane. Sharti lake moja: uiweke kabla ukungu haujaanza. Ukishaona weupe umechelewa, hiyo dawa haiyeyushi kitu kilichoganda.

#5 Mzee wa Mkonge
Vijana mnaandika kurasa na hakuna aliyeuliza swali la kwanza. Mkulima, ukipiga stata bomba la moshi linatoa nini? Moshi mweupe au halitoi kitu?

Moshi mweupe maana yake dizeli imefika kwenye silinda lakini haiungui, injini ni ya baridi au kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) imechoka. Kama hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki: hewa, uchafu, au hiyo nta yenu.

#6 Mkulima wa Shume
Shikamoo mzee. Ahsante wote. Kuhusu moshi, kusema ukweli sikuwa naangalia. Kesho nitaangalia.

#7 Msambaa wa Mlalo
Wapwani wameshaanza kutufundisha baridi 😂 Bint Ngamiani, ukipanda Soni tu utaomba blanketi.

Mkulima, mimi niliteseka hivyo hivyo mwaka jana. Nikabadili filta mara 3, nikamwaga dizeli ya dumu zima. Mwisho kijana wa kuchomelea akanionyesha waya wa betri unaokwenda kwenye bodi ya trekta: bolti yake imejaa kutu ya kijani. Tukaikwangua na msasa, trekta likawaka saa 12 na nusu na ukungu wake. Stata ilikuwa inazunguka, ndiyo, lakini kivivu. Injini ya dizeli haina cheche, inategemea joto la hewa inayobanwa. Ukizungusha polepole joto halifiki.

#8 Mbondei wa Winnipeg
#7 umesema jambo zito. Baridi inadhoofisha betri na wakati huo huo oili ya injini inakuwa nzito, kwa hiyo betri dhaifu ndiyo inayopewa kazi kubwa zaidi. Huku watu hubadili oili wakaweka nyepesi ya baridi, na injini ina hita inayochomekwa kwenye umeme saa chache kabla ya kuwasha. Asubuhi ukipita uwanjani unaona nyaya zimetambaa kwenye theluji kila trekta na lake.

Mkulima, oili uliyoweka ni namba ngapi?

#9 Kijana wa Mombo
Mkuu, dizeli unanunua wapi na unaihifadhi kwenye nini? Hilo ndilo swali langu.

#10 Mkulima wa Shume
Oili ni ile 40 iliyonyooka, yaani ya namba moja tu, ndiyo aliyoniwekea fundi. Dizeli nanunua kwenu Mombo, kila baada ya wiki 2, nabeba kwenye pipa la chuma nyuma ya Fuso linalopanda. Pipa nalilaza kibandani.

#11 Kijana wa Mombo
Basi jibu lako nimelipata. Mombo mchana ni tanuri. Unajaza pipa, unalipandisha milimani, unatumia nusu. Nusu ya juu ni hewa yenye unyevu, na ukungu wenu wa huko unaujua mwenyewe. Usiku chuma kinapoa, maji yanatoka jasho ndani ya pipa yanateremka chini, maana maji ni mazito kuliko dizeli. Wewe mpira wa kunyonyea unauzamisha mpaka wapi?

#12 Mkulima wa Shume
Mpaka chini kabisa.

#13 Kijana wa Mombo
Haya.

#14 Nahodha Sahare
Naunga mkono maji, na niongeze. Mashine ya boti yangu ilikuwa inakufa nikishafika nje ya miamba. Fundi akafungua tangi, kati ya maji na dizeli kuna ute mweusi unavutika kama mlenda. Ni vijidudu, vinaishi kwenye yale maji na vinakula dizeli. Filta ikijaa ute huo haina tofauti na kujaa nta. Harufu yake ni kama mayai mabovu. Mkulima, nusa pipa lako.

#15 Dereva Handeni
Wakuu tusizunguke, sheli zinachakachua. Wanatia mafuta ya taa kwa sababu ni rahisi, halafu tunatafuta mchawi. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kila Jumatatu lakini ubora nani anaangalia?

#16 Mwalimu Pongwe
#15 nakusahihisha kwa heshima. Bei kikomo hutangazwa kila mwezi, Jumatano ya kwanza, na Tanga ina bei yake kwa sababu mafuta yanashushwa bandarini kwetu. Pili, uchakachuaji wa mafuta ya taa ulikuwa na faida kubwa zamani, kodi yake ilipokuwa ndogo. Ndiyo maana 2010 vinasaba (alama ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) vilianza kuwekwa kwenye mafuta, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili tofauti ya bei ife.

Tatu, hoja yako inajipinga. Mafuta ya taa yanapunguza kuganda. Kama dizeli ya Mkulima ingekuwa na mafuta ya taa, ingestahimili baridi zaidi, si pungufu.

#17 Dereva Handeni
Nimekubali hilo la kodi, mwalimu. Lakini bado siwaamini. Si lazima iwe mafuta ya taa.

#18 Bi Zawadi Muheza
#17 hapo ndipo nami ninapotilia shaka. Kaka yangu alikuwa anachanganya dizeli na mafuta ya kupikia yaliyotumika, anayakusanya kwa wauza chipsi, anachuja kwa kitambaa. Kwenye joto la Muheza mashine yake ya kusaga ilikwenda tu. Mafuta mengi ya chipsi ni mawese, na mawese yanaganda upesi. Hata dizeli iliyotengenezwa kiwandani kwa mawese huanza ukungu kwenye nyuzi 13 hadi 16. Sasa hiyo ukiipeleka Shume yenye nyuzi 8?

Mkulima, jaza chupa ya maji ya kunywa iliyo safi, iache nje karibu na trekta usiku kucha. Asubuhi kama ni nyeupe, ishike viganjani au itie kwenye maji ya vuguvugu. Ikirudi kung'aa, ni nta au mafuta ya kupikia. Isiporudi, ni maji.

#19 Kinyozi wa Chumbageni
Badili plagi za kupasha moto, zimeungua. Noah yangu ilikuwa hivyo hivyo.

#20 Fundi Nozo
#19 hiyo Massey haina plagi za kupasha kwenye silinda. Inayo hita moja tu, iko kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Ukigeuza ufunguo kwenye alama ya kupasha na kuushikilia kama sekunde 15 hadi 20, hita inapata moto, inadondoshewa dizeli kidogo, inawaka mwali mdogo unaopasha hewa inayoingia. Halafu ndiyo unapiga stata. Imetengenezwa kwa ajili ya asubuhi kama za Lushoto.

Mkulima, unaipasha? Na kuna kibomba chembamba kinacholeta dizeli kwenye hiyo hita. Kipo?

Halafu mtu asije akakushauri kitambaa chenye petroli au ile dawa ya kupulizia ya kuwashia injini. Hita ikiwa ya moto na hiyo dawa ikaingia, manifoldi inalipuka. Na moto wa kuni chini ya tangi ndio usithubutu kabisa.

#21 Mkulima wa Shume
Sikuwahi kujua kama ufunguo una alama ya kupasha. Niliyenunua kwake aliniambia geuza mpaka mwisho.

#22 Msambaa wa Mlalo
Miaka yote hiyo unaruka kituo 😂 Pole mtani.

#23 Mzee wa Mkonge
Marahaba Mkulima, nilichelewa kuitikia. Kuhusu mafuta ya taa, Fundi Nozo ana haki upande wa pampu, lakini nisimwache aseme ni sumu. Miaka ya 1980 nikiwa dereva wa kubeba mkonge kwenda korona (mtambo wa kuchakata mkonge), dizeli ilikuwa ya kibali, unapewa ndoo unashukuru. Tuliweka mafuta ya taa, tukatia na oili kidogo kurudisha utelezi, matrekta yakavuta mkonge. Tulikuwa na Valmet, zile zilizounganishwa Kibaha. Trekta la Wafini. Lilikuwa limefanyiwa kazi ya theluji na sisi tunaliendesha juani, redieta inachemka saa 5.

#24 Mbondei wa Winnipeg
Mzee, hizo Valmet zimenikumbusha mbali, babu yangu alikuwa akizitaja. Kwao Ufini dizeli ya baridi kali inauzwa kwa daraja. Viwango vya Ulaya vina madaraja ya nchi za baridi ya wastani, ambayo la mwisho filta haitakiwi kuziba mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri, halafu yanafuata madaraja ya kaskazini kabisa yanayoshuka mpaka nyuzi 44 chini ya sifuri. Mkulima wa kule haulizi kama dizeli ni nzuri, anauliza ni ya daraja gani.

Na hapa nitofautiane kidogo na #2. Kwamba nyuzi 8 haziwezi kugandisha dizeli, hiyo ni kweli kwa dizeli ya huku. Dizeli inayopelekwa nchi za joto haikutengenezwa ikifikiriwa baridi, ukungu wake unaweza kuanza kwenye joto la juu zaidi. Kwa hiyo siifuti nta mpaka nione chupa.

Mafuta ya taa kama ya Mzee, wazee wa huku nao waliweka. Injini za zamani zilistahimili. Ila Mkulima hana kibali cha ndoo moja. Anayo dizeli, kwa nini aharibu pampu?

#25 Bint Ngamiani
Mimi nimeshindwa kusubiri. Nimechukua dizeli ya jenereta letu, chupa moja nimeitia kwenye friji sehemu ya chini, nyingine kwenye friza ninalogandishia barafu za ukwaju. Nimezifunga mifuko mitatu mitatu, msianze. Asubuhi hii ya friji inang'aa vilevile. Ya friza ni nyeupe kama tui, nikiiinamisha inateremka kwa uvivu. Nimeiweka dirishani, inaanza kusafika kuanzia pembeni.

#26 Mzee wa Mkonge
Binti, hongera, lakini toa hiyo chupa kwenye chakula cha watu.

#27 Fundi Nozo
Friji sehemu ya chini ni nyuzi 4 au 5. Imebaki safi. Nimemaliza.

#28 Bi Zawadi Muheza
Umemaliza kwa dizeli ya jenereta la Ngamiani. Ya pipa la Shume hatujaiona.

#29 Mkulima wa Shume
Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, mtandao huku unakuja na upepo. Nimefanya haya kwa siku 4:

Chupa ililala nje, nyuzi 9. Asubuhi juu ilikuwa safi, chini kuna kitu kama kidole cha maji, na katikati utandu mwembamba. Nilipoishika viganjani, utandu haukuondoka. Nimenusa pipa, sijui kama ni mayai mabovu ila si harufu ya dizeli.

Kikombe cha kioo chini ya filta nimekifungua, nikamwaga maji karibu nusu glasi, yenye kutu.

Moshi: siku ya kwanza halikutoa kitu kabisa. Siku ya pili, baada ya kumwaga maji na kutoa upepo, lilitoa moshi mweupe mwingi, likakohoa, likawaka saa 1 kasorobo. Siku ya tatu liliwaka mara moja, nikafurahi, nikawanunulia vijana chai na mihogo. Leo limegoma tena. Moshi mweupe.

Halafu nilijaribu jambo nililolifikiria usiku. Juzi nililiegesha asubuhi juani sikuliwasha mpaka jioni, muda wa saa 9 nzima. Liliwaka, lakini baada ya kupiga stata mara 4.

#30 Fundi Nozo
Hiyo ya mwisho ndiyo ushahidi. Siku nzima juani, hakuna baridi, na bado limesumbua. Ni kusimama, si baridi. Dizeli inarudi tangini. Badili washa zote za shaba kwenye filta.

#31 Kijana wa Mombo
Nusu glasi ya maji mmeiruka hivi hivi?

#32 Msambaa wa Mlalo
Na stata mara 4 inaweza kuwa betri iliyochoka kwa mateso ya asubuhi. Mkulima, waya wa bodi umeukwangua?

#33 Mzee wa Mkonge
Moshi mweupe leo unasema dizeli imefika. Kwa leo hewa na maji viko nje ya mlango. Hapo imebaki joto: hita ya manifoldi, oili 40 nzito, au ringi za pistoni. Mkulima, likishachemka lina nguvu ya kupanda mlima na tela?

#34 Mkulima wa Shume
Lina nguvu mzee, halilalamiki. Waya bado, nitaukwangua leo.

Fundi, nimekwenda kuangalia ile hita. Nimepapasa nyuma ya manifoldi kwa tochi ya simu. Kitu chenye waya kipo, kimejaa masizi. Lakini kibomba chembamba unachokisema hakipo. Pale pa kuingilia dizeli mtu amefunga bolti, tena ya baiskeli, imekazwa na uzi mweupe.

#35 Fundi Nozo
Tuma picha.

#36 Mbondei wa Winnipeg
Na picha ya pipa, ndani, kabla hujalisafisha. Ile ya chini usiimwage bado.

#37 Dereva Handeni
Samahani kutoka nje ya mada, Mkulima viazi gunia ni shilingi ngapi huko wiki hii?

#38 Mkulima wa Shume
Nitakuandikia pembeni, ndugu yangu. Picha zinapanda polepole. Kibomba nimeambiwa kinapatikana Korogwe, Fuso la kesho litaniletea. Pipa nimelisimamisha juu ya matofali tangu jana, mpira nimeukata usifike chini. Oili sijabadili, hela ya mwezi huu imeishia kwa vijana.